Mazungumzo Yaliyofufua Sinema

Msomaji, usiyadharau mazungumzo ya watu wapendao sinema za kale, ukadhani ni porojo tu. Sikiliza kisa cha Metropolis.

Sinema hiyo isiyo na sauti, kazi ya Fritz Lang, ilionyeshwa mara ya kwanza mjini Berlin mwezi wa Januari 1927. Urefu wake ulipata saa mbili na nusu, na gharama yake ilikuwa kubwa kuliko mapato. Basi wenye mali wakaikata, na sehemu zilizoondolewa zikahesabiwa kuwa zimepotea. Lakini nakala moja kamili ilikwisha kuvuka bahari mpaka Argentina.

Miaka mingi baadaye, katika mji wa Buenos Aires, mkuu wa chama cha wapenzi wa sinema alisimulia jinsi alivyoushikilia ukanda wa Metropolis mtamboni kwa kidole, usitikisike, kwa zaidi ya saa mbili. Wengi wangalicheka na kupita. Fernando Peña alijiuliza: mbona nakala zijulikanazo ni fupi zaidi?

Mwaka 2008, yeye na Paula Félix-Didier, mkuu wa Makumbusho ya Sinema mjini humo, waliziona sehemu zilizopotea, katika nakala iliyojaa mikwaruzo. Mwaka 2010 Berlin ikaitazama tena sinema hiyo, karibu kamili.

Nawe usikiapo wazee wakitaniana juu ya sinema za ujana wao, tega sikio, uulize, uandike. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.