Nyemo: Furaha Ndogo Katika Historia ya Ugogo

Zuzu iko magharibi ya mji wa Dodoma, katika uwanda mkavu wa Ugogo, na leo ni kata mojawapo ya Jiji la Dodoma. Mvua ya huko kwa kawaida huanza Desemba na kukoma Aprili. Kiasi chake kwa mwaka hakizidi sana milimita 600, na mara nyingi hupungua. Tena mvua hiyo haina usawa: huweza kulowesha shamba la mtu mmoja, na kuliacha la jirani yake likipasuka kwa jua. Nchi ya namna hii huwafundisha watu wake kuhesabu mashaka. Swali la mwanahistoria ni kama iliwafundisha pia kuhesabu furaha, na kama hesabu hiyo ya pili ina uzito wowote mbele ya ile ya kwanza.

Hesabu ya mashaka yajulikana vizuri. Kubwa kupita mengine katika karne ya 20 ni njaa ya mwaka 1917 hadi 1920, ambayo Wagogo waliiita Mtunya, yaani kunyang'anyana. Haikuletwa na jua peke yake. Majeshi ya Wajerumani, na baada yao ya Waingereza walioingia Dodoma mwezi wa Julai 1916, yalichukua ng'ombe na nafaka, yakachukua na vijana kuwa wapagazi. Kisha mvua ikakosekana, na homa ya mafua iliyoenea duniani ikawakuta watu wamekwisha dhoofika. Makadirio yatajwayo mara nyingi ni kwamba watu wapatao 30,000 walikufa katika wilaya ya Dodoma, karibu mmoja katika kila watano.

Msomaji akiishia hapo, ataondoka na picha ya watu waliozaliwa ili wateseke tu. Picha hiyo ni pungufu. Mathias Mnyampala (1917–1969), mshairi na mwana wa Ugogo, aliyezaliwa mwaka ule ule Mtunya ilipoanza, alitoa mwaka 1954 kitabu kiitwacho Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika. Jina la kitabu ni somo tosha. Mwandishi huyu hakuitenga historia na desturi, maana alijua kuwa watu hawaishi kwa misiba yao peke yake, bali pia kwa mambo wayatendayo kila siku baina ya msiba na msiba.

Miongoni mwa mambo hayo ni namna ya kuitambua furaha ndogo na kuitangaza. Kwa Kigogo furaha ni nyemo, na neno hilo hupewa watoto kuwa jina. Mtoto aitwaye hivyo hawezi kuitwa pasipo furaha ya wazazi wake kutajwa. Kila jirani amwitaye kutoka mbali huitangaza upya bila kukusudia. Maamkizi nayo ni vivyo hivyo. Mbukwa, au Mbukwenyi kwa walio wengi, ni mlango tu. Nyuma yake huja habari za nyumbani, za watoto, za mifugo na za mvua. Mahali ambapo wingu hunyesha huku likaacha kule, habari kwamba kwa fulani kumenyesha si porojo. Ni furaha ya mtu mmoja iliyokwisha kuwa maarifa ya wote.

Chakula chafundisha jambo hilo hilo. Mlenda wa kwanza baada ya mvua, uliwao kwa ugali wa uwele au mtama, ni kitu kidogo. Lakini aliyekula majani makavu miezi mingi hahitaji kuelezwa thamani yake. Maziwa pia hayakuwa ya mwenye ng'ombe peke yake. Wagogo walikuwa na desturi ya kugawa mifugo yao kwa jamaa na marafiki wa mbali, ili ukame au maradhi yakilipiga zizi moja, mengine yasalimike. Na aliyetunza ng'ombe wa mwenzake alikunywa maziwa yao. Baada ya mavuno pombe ya mtama ilikusanya majirani, na ngoma ya muheme, ambayo wapigaji wake ni wanawake, iliusikizisha mtaa mzima kuwa mwaka umekuwa mwema. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wasema Waswahili. Mgogo aliyapanga maisha yake kwa maana hiyo.

Huenda mtu akauliza: mbona desturi hizi hazikuwaokoa watu wakati wa Mtunya? Swali ni la haki, na jawabu halifai kupambwa. Hazikuwaokoa. Furaha ndogo si akiba ya ghalani, na zizi la rafiki halisaidii kitu ikiwa jeshi limepita katika mazizi yote. Bali jina walilolichagua walionusurika lastahili kuangaliwa. Hawakuiita njaa ile kwa jina la jua wala la vita. Waliiita kwa jina la kunyang'anyana. Jina hilo laonyesha kilichowauma kupita tumbo: kwamba watu waliozoea kupeana walifikishwa mahali pa kuporana. Aliyezoea ukatili asingeona haja ya kuupa jina.

Mambo yamebadilika tangu hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kaya zilizokaa mbalimbali katika tembe zao zilikusanywa vijijini, na mwaka 1973 ikaamuliwa kwamba Dodoma iwe makao makuu ya nchi. Hukwe Zawose, aliyetoka kijiji cha Doma na kuanza kuimba akichunga ng'ombe wa baba yake, aliitwa na Rais Nyerere katika kundi la muziki la taifa. Hadi alipofariki mwaka 2003, wimbo wa machungani ulikuwa umesikika Ulaya na Asia.

Basi mwenye kuandika historia ya Zuzu na jirani zake na aandike njaa zote, kwa miaka na sababu zake, wala asipunguze hata moja. Lakini na aandike pia majina ya watoto, maamkizi ya njiani, na bakuli la mlenda lililopelekwa kwa jirani. Pasipo hayo hataweza kueleza Mtunya iliharibu kitu gani, wala waliosalia walirudi kujenga nini.