Safu ya Lugha: Kiboko

Magazeti yanapoandika kwamba mwanafunzi kachapwa viboko, aghalabu kilichotumika ni ufito wa mpera, nao ufito hauwi kiboko kwa kuwa umeuma. Kiboko chenyewe ni ukanda mrefu wa ngozi ya mnyama wa jina hilo, uliokaushwa ukawa mgumu lakini wenye kunepa, ilhali mjeledi ni kamba ya ngozi na bakora ni fimbo yenye mpini uliopinda, ambayo mzee huiegemea njiani.

Chombo hicho kilishika nafasi ya sheria wakati wa Wajerumani katika Afrika Mashariki, ambako ofisa wa boma, mara nyingi mwanajeshi, alisikiliza shauri, akahukumu palepale, na askari akatekeleza. Amri ya Aprili 1896 iliweka ukomo wa viboko 25 kwa mara moja, ikawaepusha wanawake, Waarabu na Wahindi. Idadi hiyo ikabaki vinywani kama "hamsa ishirini", hesabu ya Kiarabu inayotanguliza tano. Leo mchezaji hodari husifiwa kuwa "kiboko yao", na anayesifiwa hufurahi.