Mikumi na Ardhi Iliyoitwa Tupu

Msafiri atokaye Morogoro kwenda Iringa hupita kijiji cha Doma, kisha hujikuta ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi bila ya kupita lango, kwa maana barabara kuu imeipasua hifadhi hiyo kwa mwendo wa kilomita 50 hivi. Kuliani mwake hufunguka mbuga ya Mkata, pana na sawa, ambako pundamilia na nyumbu hula majani, na twiga husimama wakitazama magari. Nyuma yake imebaki milima ya Uluguru; mbele, upande wa kaskazini magharibi, huonekana milima ya Rubeho. Mgeni asiyeambiwa neno huondoka na fikira moja, kuwa hivi ndivyo nchi hii ilivyokuwa tangu kuumbwa kwake, nchi ya wanyama peke yao. Fikira hiyo ni tamu, nayo si kweli. Utupu wa Mkata una historia yake, na historia hiyo ina tarehe.

Shahidi wa kwanza ni majina. Mikumi ni jina la mti mrefu wa jamii ya minazi ambao kwingineko huitwa mvumo. Bwawa la Mwanambogo lina jina la mtoto wa nyati. Chamgore, penye madimbwi ya maji, yasemwa maana yake ni mahali pa chatu. Mahali pasipokwenda watu hapana jina. Jina huachwa na mtu aliyewinda, au aliyeteka maji, kisha akarudi nyumbani kuwaeleza wenziwe njia. Mgeni asomapo majina hayo katika vibao vya hifadhi huwa anasoma maneno ya watu ambao hakuwaona.

Watu hao wanajulikana. Wavidunda wana milima yao kusini magharibi, Wasagara na Wakaguru wako kaskazini na magharibi katika nchi ya Kilosa na kandokando yake, Waluguru mashariki, na Wakutu kusini mashariki. Walio wengi miongoni mwao hufuata ukoo wa mama. T. O. Beidelman, aliyeanza kukaa na Wakaguru mwaka 1957, ameeleza jinsi ukoo uliohesabiwa kuwa wa kwanza kufika mahali ulivyokuwa na dhamana ya nchi ile. Dhamana hiyo haikuwa ya kuuza wala kupima kwa kamba. Ilikuwa ya kutambika: kufyeka makaburi ya wazee, kumimina pombe na unga, kuomba mvua, na kuitakasa nchi ili mwaka mpya uanze salama. Mpaka ulikuwa kijito, mgongo wa kilima au mti mkubwa, na hati ya mpaka ilikuwa kumbukumbu ya wazee. Ng'ambo ya mbuga, katika Uluguru, mzimu wa Kolelo uliendewa na watu kutoka mbali, Wazaramo wakiwamo, kwa ajili ya mvua na mavuno. Kwa hiyo nchi iliyozunguka Mkata ilikuwa imefumwa kwa makaburi, pango na maagano, hata pale ambapo jicho la mgeni liliona nyasi tu.

Utupu ulianza kuingia pamoja na misafara. Njia ya kutoka pwani kwenda Unyanyembe ilivuka Mkata kabla ya kupanda Usagara kwa kufuata mto Mkondoa. Richard Burton, aliyepita upande huo mwaka 1857, alieleza habari za vijiji vilivyochomwa na wawinda watumwa, wenyeji wakiwa wamejificha porini. Hofu kubwa ya siku hizo ilikuwa Kisabengo, mtawala wa mji uliokuwa pale ilipo Morogoro ya leo. Mwaka 1871 masika ilimkuta Henry Stanley hapo Mkata, mbuga imegeuka ziwa la matope, na punda wake wengine wakafa. Wasafiri hawa waliandika kuwa nchi ile ni pori la homa na maji. Mara chache walijiuliza kama pori lile lilikuwa jana shamba la mtu.

Baada ya mishale na bunduki ikaja karatasi. Mwishoni mwa Novemba 1884, huko Msowero katika Usagara, Carl Peters alipata alama ya Mangungo katika hati iliyosema kuwa nchi yake yote na haki zake zote zimetolewa kwa chama cha Wajerumani, wazitumie wao peke yao. Hati ilikuwa kwa Kijerumani. Tarehe 27 Februari 1885 Kaisari alitoa barua ya kuyakinga maeneo hayo. Watoto wa shule wa Tanzania wamefundishwa kumcheka Mangungo kwa kudanganywa, lakini wachache wamefundishwa kuuliza jambo lililo zito zaidi: je, mtu aliyeshika nchi kwa niaba ya wafu wake na watoto wasiozaliwa bado, angewezaje kuitoa, hata kama angetaka? Yaliyokutana Msowero yalikuwa mawazo mawili juu ya ardhi, na moja lilikuwa na wino.

Mwaka 1895 serikali ya Kijerumani ilitangaza kuwa ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Tangazo hilo lilikuja wakati mbaya. Miaka michache kabla yake sotoka ilikuwa imeua ng'ombe wengi katika Afrika ya Mashariki, na njaa na ndui vilifuata. Vita vya Maji Maji vilipoanza mwaka 1905 vilienea hata Uvidunda na viunga vya Kilosa, na baada ya vita ikaja njaa. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977, alishika hoja kwamba watu na mifugo walipopungua, vichaka vilirudi, na pamoja na vichaka wakarudi mbung'o na wanyama. Wanachuoni wamebishana juu ya kiasi cha hoja hiyo, lakini kiini chake ni vigumu kukikana: sehemu kubwa ya pori lililoonekana kuwa la asili katika karne ya ishirini lilikuwa changa kuliko wazee waliolitazama.

Katika miaka ya 1950 ilitengenezwa barabara ya Morogoro na Iringa, na wawindaji wakaifuata. Wanyama wa Mkata wangaliweza kumalizika. Mwaka 1964 Mikumi ikawa hifadhi ya taifa. Mwaka 1975 ilipanuliwa, ikawa na kilomita za mraba 3,230. Haifai kuidharau kazi hiyo. Tembo na nyati wanaoonekana leo ni deni ambalo taifa linawiwa na walinzi waliolala porini ili jangili asipite. Lakini sheria iliyowalinda wanyama ilirithi neno la mwaka 1895, yaani kwamba ardhi isiyokaliwa haina mwenyewe. Mtu aliyekwenda kumfyekea babu yake kaburi na mtu aliyekwenda kutega mtego walionekana sawa mbele ya mpaka wa hifadhi.

Hata hivyo, haki ya makaburi isifanywe kuwa kitu chepesi. Ikiwa nchi ni ya ukoo wenye wafu wa kwanza, Waparakuyo watasemaje, ambao walifika Kilosa na ng'ombe zao na ambao kumbukumbu yao imo katika njia za malisho? Na waliokuja kukata mkonge Kimamba na Rudewa, wakazeeka na kuzikwa hapo hapo? Wilaya hii yajua gharama ya swali hilo. Desemba 2000 ugomvi wa wakulima na wafugaji uliua watu 38 katika Rudewa Mbuyuni. Historia ya ardhi ikitumiwa kuwa rungu huvunja vichwa. Kazi yake iliyo bora ni kuwa ushahidi, ili kila aliyepo ajue nani aliishi pale kabla yake, na kwa masharti gani.

Mfano mmoja uko mbali, nao wafaa kutazamwa. Katika jangwa la kati la Australia kuna jabali jekundu la Uluru, ambalo kwa Waanangu ni mahali patakatifu. Serikali iliwanyima umiliki wake kwa miongo mingi, na watalii walilipanda kwa mnyororo uliofungwa juu ya mwamba. Tarehe 26 Oktoba 1985 Waanangu walirudishiwa hati ya ardhi ile, nao wakaikodisha kwa serikali kwa miaka 99 ili ibaki hifadhi. Miaka 34 baadaye, tarehe ile ile ya mwaka 2019, kupanda jabali kulikomeshwa. Wageni hawakukoma kwenda. Waliopungua ni waliodhani kuwa wamefika mahali pasipo watu.

Mikumi si Uluru, wala hali za nchi mbili hizo hazifanani. Mbuga ya Mkata haina jabali moja la kuonyesha kwa kidole, na koo zake ni nyingi. Lakini jambo la kwanza lililofanyika kule laweza kufanyika hapa bila ya kubomoa mpaka wa hifadhi: wenyeji kuulizwa. Wazee wa Uvidunda na Usagara wanaojua maana ya majina ya vijito na vilima wanapungua kila mwaka. Majina hayo yakiandikwa pamoja na habari zake, na palipo na kaburi au mzimu uliokumbukwa pakifunguliwa kwa tambiko siku moja ya mwaka, simba hatapoteza kitu. Msafiri wa barabara kuu ataiona mivumo ile ile ikisimama juu ya nyasi. Tofauti ni kwamba atajua kuwa mti ule uliitwa mkumi na watu, na kwamba watu hao wana wajukuu katika milima aionayo mbele yake.