Choo kinahama, mutelemko hauhami

Leo naacha mihogo pembeni, tuongee choo.

Hapa Goma watu wengi wanatengeneza dushi upya, na kila mutu anataka WC ihamie ukuta mwingine. Kuhamisha kiti ni kazi ya saa moja. Shida njo tiyo.

Turudi nyuma kidogo. Mu 1775, Alexander Cumming, fundi wa saa mu London, alipata hati ya choo chenye tiyo iliyopindwa kama S. Pale mu mupindo maji yanabakia, harufu inakosa njia. Ile sifoni tunayo mpaka leo. Lakini uchafu uliishia mu mto Thames. Mu 1858 joto lilipanda, mto ukanuka mpaka wabunge wakalowesha mapazia yao na dawa ya chokaa. Njo injenia Joseph Bazalgette akapewa feza za kujenga mifereji ya chini. Mifereji ile ilitembea kwa mutelemko. Pale ulipokosekana, mashini zilipandisha maji. Mu 1866 kolera ilirudi, ikapiga sana mashariki ya mji, pale kazi ilikuwa haijaisha.

Sisi kila parseli na fosi yake. Fosi septiki nayo ilianzia Vesoul, Ufaransa, kwa Jean-Louis Mouras, mu karne ya 19. Fosi haivuti kitu: maji lazima yashuke yenyewe.

Kwa hiyo, kila meta moja ya tiyo inataka kushuka kama sentimeta 2. Meta 3 ni sentimeta 6. Kwetu chini ni jiwe la volkano, kuchimba ni vita. Jirani yetu alilaza tiyo sawasawa juu ya kuogopa lile jiwe. Miezi miwili, maji machafu yakarudi mu dushi, watoto wakaanza kuhara. Afazali ungeinua kiti juu ya ngazi ndogo. Na kama WC inaenda mbali, weka tiyo ya hewa, kama sivyo maji yanayoshuka yatanyonya yale ya sifoni.

Sisi wa agronomia tunapima mutelemko wa mifereji ya shamba kabla ya kupanda hata mbegu moja. Kwa nini nyumbani tunaanza na kununua karo? Chukua nivo kwanza, pima mpaka kwenye fosi, kisha uite fundi.