Ufa Kwenye Dashibodi: Historia Fupi ya Ubao wa Matope

Leo tuache misimbo kidogo tuongee magari. (Msijali, kompyuta itarudi mwishoni.)

Mwezi jana dashibodi ya gari langu ilipasuka. Ufa ulianzia kwenye tundu la hewa ukaelekea upande wa abiria, mahali mama yangu hukaa nikimpeleka kanisani. Fundi mmoja hapa Nairobi aliupapasa kwa kidole akasema, "Mkubwa, hii ni kazi ya nusu siku. Naivalisha ngozi, napiga gundi, inakuwa mpya." Bei ilikuwa nzuri pia. Lakini sisi waandishi wa programu tuna mazoea: kabla ya kugusa msimbo wa mtu mwingine, uliza kwanza uliandikwa kwa nini.

Basi nikaanza kusoma. Kumbe neno lenyewe ni la zama za farasi! Dashibodi ilikuwa ubao, au kipande cha ngozi, mbele ya gari la kukokotwa, wa kuzuia matope yanayorushwa na kwato. Farasi akaondoka, injini ikaja, ubao ukabaki. Kwa kuwa ulikuwa mbele ya dereva, ukapachikwa vipimo.

Baadaye ubao ukawa chuma, na magari yakaongeza mwendo. Hapo ndipo balaa. Miaka ya 1930 huko Detroit, Marekani, daktari wa kurekebisha nyuso aitwaye Claire Straith alichoka kushona abiria waliogonga chuma hicho. Akaweka mito kwenye dashibodi za magari yake mwenyewe, akawasihi watengenezaji nao wafanye hivyo. Gari la Tucker la 1948 lilikuwa na mto huo. Ford wakauuza mwaka 1956, lakini kama nyongeza ya kulipia. Mwaka 1965 Ralph Nader akachapisha kitabu chake Unsafe at Any Speed, mwaka 1966 Marekani ikapitisha sheria ya usalama wa magari, na kuanzia Januari 1968 magari mapya ya abiria yakatakiwa kuwa na dashibodi inayopunguza nguvu ya kichwa kinapoigonga.

Sasa ufa unatoka wapi? Kwenye ulaini huo huo. Dashibodi nyingi ni sponji iliyofunikwa kwa ganda la PVC, plastiki ile ile ya mabomba ya maji. Kwa asili ni ngumu. Mwaka 1926 Waldo Semon wa kampuni ya B.F. Goodrich aligundua kwamba ukiichanganya na vilainishi vya majimaji, inanyumbuka kama mpira. Shida ni kwamba vilainishi hutoroka. Gari likianikwa juani, dashibodi inaweza kupita nyuzi 70 za Selsiasi, na vilainishi huvukia polepole. Ule utando wa mafuta ndani ya kioo cha mbele, wengi wetu tunaupangusa bila kujua ni sehemu ya dashibodi yenyewe. Ganda likikauka hujikunja, na mwishowe hupasuka. Na mtumba wetu wa Japani hufika ukiwa umeshachomwa jua miaka kadhaa.

Kazi ya ubao haikuishia hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Marekani ililazimisha mfuko wa hewa upande wa abiria pia, na katika magari mengi mfuko huo hukaa chini ya ganda la dashibodi. Ganda hudhoofishwa makusudi mahali fulani ili lichanike haraka mfuko unapofumuka. Ukibandika ngozi nene na gundi juu yake, umefunga mlango wa dharura kwa misumari.

Nikarudi kwa fundi nikamweleza. Alinyamaza kidogo, akasema, "Kumbe. Hakuna mteja amewahi kuniuliza." Ufa mdogo ulio mbali na mfuko unaweza kuzibwa kwa kijazio kinachonyumbuka na kupakwa rangi. Wangu ulikuwa umefika pabaya, kwa hiyo tulitafuta dashibodi nzima ya gari la aina hiyo hiyo, isiyowahi kufumuka. Akachomoa betri, akasubiri, ndipo akaanza kufungua. Nililipa mara nne ya bei ya ngozi, na sasa nikiegesha naweka kadibodi kwenye kioo.

Nanyi wenzangu wa kompyuta, mnaoita kurasa zenu za vipimo dashibodi: kabla ya kubandika kiraka, chunguzeni kilichofichwa chini yake. Haya, tuonane wiki ijayo.