Ng'ombe wa Usiku

Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Wachezaji hukaa mezani, hurusha dadu, na kila mmoja hujifanya shujaa wa nchi isiyokuwepo. Mchezo huo umezaa mingine mingi, hata ya kuchekesha, ambamo unaweza kupewa dude la kutisha likawa rafiki yako, ukalilisha na kulipanda. Vijana wenzangu, msidhani jambo hilo lilianzia Marekani.

Ukitoka hapa Msalato na kuifuata barabara ya kaskazini, utapita Kondoa na Babati mpaka nchi ya Wambugwe, kusini mwa Ziwa Manyara. Mwanaanthropolojia Robert Gray aliandika habari zao katika kitabu kuhusu uchawi wa Afrika Mashariki kilichotoka 1963. Kwa imani aliyoikuta huko, hakuna fisi wa porini. Kila fisi ana mwenyewe, na mwenyewe ni mchawi. Fisi hao ni ng'ombe wa usiku. Wana chapa ambayo mimi na wewe hatuioni, wachawi tu ndio huiona. Eti hukamuliwa maziwa! Safari ikiwa ya mbali, mchawi hupanda mgongoni, mwenge mkononi, na mwenge huo huwaka kwa siagi ya fisi.

Mimi niliyeishia kidato cha nne na kuota riwaya, nayahusudu maelezo haya. Aliyeyatunga alikuwa fundi. Na kumbe hakutunga kutoka hewani! Fisi ana tezi chini ya mkia. Hupaka majani ute mzito wa manjano ili kundi lijulikane mipaka yake. Ukiukuta asubuhi, bwana, utafikiri nani kamwaga siagi? Ongeza kicheko cha usiku, na jike lililo kubwa kuliko dume, tena linalofanana nalo hata maumbile. Hata sifa ya wizi tulimpa kupita kiasi. Hans Kruuk, katika kitabu chake cha 1972, alionyesha kuwa fisi wa Ngorongoro huwinda wenyewe, na mara nyingi simba ndiye huja kuwanyang'anya.

Sasa tuache kucheka kidogo. Mchezo wa Wamarekani huisha dadu zikirudi mfukoni. Hadithi yetu haikuishia hapo, kwa sababu fisi mwenye mwenyewe humfanya msikilizaji aulize: mwenyewe ni nani? Jibu likatafutwa nyumba ya jirani. Akaonekana bibi mjane mwenye macho mekundu, na macho hayo ni moshi wa kuni tu. Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928, lakini kati ya 1970 na 1984 zilihesabiwa roho 3,693 zilizopotea Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi. Wanawake walikuwa 2,286, na wengi wa waliouawa walikuwa wa Usukumani.

Ndiyo maana nasema nasi tunaoshika kalamu tunahusika. Fisi tumwandike, tena kwa raha zote: apewe chapa, akamuliwe, apandwe mpaka Kondoa na kurudi kabla jogoo hajawika. Ila mwenyewe tumbuni upya. Awe karani, awe tajiri, awe kijana kama wewe msomaji. Bibi wa jirani tumwache alale.