Ukitaka kujua hali ya sukari na mafuta mwilini, upime nini kwanza?

Swali tunaloletewa mara nyingi kwa ujumbe wa simu ni hili: mtu ana pesa kidogo, kaambiwa akapime "mwili mzima", aanze na kipi? Tunasema aanze na visivyohitaji maabara: presha na kiuno. Tepu ya fundi cherehani inatosha. Izungushe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, bila kuvuta tumbo ndani. Mwanamume akifika sentimita 94, au mwanamke asiye mjamzito akifika 80, kuna sababu ya kwenda maabara.

Kwenye damu, anza na sukari. Pima asubuhi, ukiwa umekaa angalau saa 8 bila kula. Maji ruksa, chai hapana, hata ya rangi. Angalia pia mashine inasoma kwa kipimo gani, maana hapo ndipo majirani wawili hulinganisha majibu wakatishana bure. Nyingine husoma milimoli, nyingine miligramu. Chini ya 6.1 (miligramu 110) ni kawaida. Kuanzia 7.0 (miligramu 126) ni kiwango cha kisukari, lakini kama huna dalili yoyote, kipimo kirudiwe siku nyingine kabla hujapewa jina la ugonjwa.

Kipo kipimo cha bei zaidi kiitwacho HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi kama 3. Hakihitaji kukaa na njaa, na 6.5% au zaidi ni kiwango cha kisukari. Shida yake ni kwamba kinapima sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida huishi siku 120 hivi. Mwenye selimundu, mwenye upungufu wa damu au aliyeongezewa damu karibuni anaweza kupata jibu la uongo. Huku kwetu watu hao si wachache, kwa hiyo mwambie mtaalamu kabla hujalipia.

Kipimo cha mafuta ya damu kinawafaa zaidi wenye presha, kisukari, kiuno kikubwa au umri wa kuanzia miaka 40. Ukienda na njaa ya asubuhi, damu ya siku hiyohiyo itatosha kwa sukari na mafuta. Aliyekwisha kuambiwa ana kisukari au presha aongeze kreatinini na protini kwenye mkojo, kwani figo huharibika kimyakimya.

Kipimo cha insulini wengi hawakihitaji. Na ile mashine ya kushika chuma mkononi ikakusomea viungo vyote kwa dakika moja? Haipimi sukari wala mafuta ya damu. Pesa hiyo inunulie tepu.

Mwenye kiu kali, anayekojoa sana na kukonda, asisubiri asubuhi. Apimwe saa hiyohiyo hata kama amekula: 11.1 (miligramu 200) au zaidi pamoja na dalili hizo ni kisukari. Akiwa anatapika au anahema kwa kasi, apelekwe hospitali moja kwa moja.